Bustani ya Tivoli Katika Majira ya Krismasi

Katikati ya mji wa Copenhagen, ambao ndio mji mkuu wa Denmark, baina ya stesheni kuu ya treni na uwanja wa Ukumbi wa Jiji, iko bustani moja ya starehe iitwayo Tivoli. Kwa ukubwa si kitu cha kutisha: yapata hekta 8 tu, na mtu mwenye haraka aweza kuizunguka yote kabla chai yake haijapoa. Walakini ni miongoni mwa bustani za michezo kongwe kabisa ulimwenguni ambazo hata leo zingali wazi. Ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843, mahali palipokuwa na boma la kuulinda mji. Na ziwa lililomo ndani yake, ambamo hivi sasa bata waogelea na taa zajitazama, ni masazo ya handaki la maji lililochimbwa kuwazuia maadui. Mmarekani Walt Disney alikuja kuitazama bustani hii mwaka 1951, miaka minne kabla hajafungua bustani yake mashuhuri ya Disneyland huko California.

Msomaji wa gazeti hili huenda akapendezwa kujua kwamba mtu aliyeiasisi Tivoli alizaliwa katika nchi ya Waislamu. Jina lake Georg Carstensen, naye alizaliwa mwaka 1812 katika mji wa Algiers, ambako baba yake alikuwa konseli wa Denmark. Siku zile Algiers ilikuwa ikitawaliwa na Dey chini ya dola ya Waturuki, na Wafaransa walikuwa hawajaiteka. Waliiteka mwaka 1830. Mtu huyu alipokuwa mkubwa alimwendea Mfalme Christian wa Nane akaomba ruhusa ya kufungua bustani ya starehe, na yasimuliwa kwamba hoja yake ilikuwa fupi: watu wanapojifurahisha hawafikiri siasa. Mfalme akaielewa hoja hiyo upesi. (Wafalme huzielewa upesi hoja za namna hii, na wala si wa Ulaya peke yao.)

Tangu siku zake za mwanzo bustani hiyo ilipambwa kwa majengo ya namna ya mashariki, na baadaye Carstensen alipotengana na Tivoli na kwenda Marekani, alishiriki kuchora jengo kubwa la vioo la maonyesho lililofunguliwa New York mwaka 1853. Aliporudi kwao alianza kujenga bustani nyingine pembeni mwa Copenhagen, akaipa jina la Alhambra, yaani jina la kasri ya wafalme Waislamu wa Granada katika Andalusia. Hakuwahi kuiona ikifunguliwa. Alifariki mwaka 1857, mwaka ule ule iliofunguliwa. Alhambra yake haikudumu. Tivoli ndiyo iliyobaki.

Kwa muda wa miaka 150 Tivoli ilikuwa bustani ya kiangazi. Baridi ikija, milango ilifungwa. Mwaka 1994 ndipo ilipofunguliwa kwa mara ya kwanza katika majira ya Krismasi, na tangu hapo desturi hiyo imeshika mizizi: kuanzia katikati ya Novemba hata siku za mwanzo za Januari watu humiminika humo, wenyeji na wageni, kwa ajili ya taa, vyakula na michezo. Na kwa sababu hiyo bustani hii, ambayo mimi maalim wa chuoni nisingekuwa na haja nayo, imeingia katika nyumba za Waislamu wakaao mji ule na kuzusha mazungumzo marefu baada ya chakula cha usiku.

Mimi nilifika huko mwezi wa Disemba 2024. Dada yangu alikwenda kumtazama binti yake aliyejifungua mtoto wa pili, nami nikafuatana naye kuwa maharimu wake. Mpwa wangu huyo na mumewe, kijana wa Kipemba afanyaye kazi katika mabasi ya mji, wana binti wa miaka minane aliyezaliwa hapo hapo Copenhagen. Kiswahili chake ni safi kwa jitihada za mama yake, ila kikienda mbio huchanganyika na Kidenmark, nasi wageni tukabaki tukitazamana.

Siku ya tatu ya kukaa kwetu, mtoto akarudi kutoka skuli na karatasi yenye mambo mawili. La kwanza, darasa lake litapelekwa Tivoli kwa siku moja. La pili, tarehe 13 Disemba watoto wa darasa hilo wataandamana katika ukumbi wa skuli wakiwa wamevaa kanzu nyeupe na kushika mishumaa, kwa ajili ya Lucia. Baba akasema haendi kokote. Mama akasema aende kote kuwili, kwani mtoto ataaibika mbele ya wenzake. Wakanigeukia mimi.

"Maalim," akasema yule kijana, "wewe ndiwe mwenye elimu. Tupe neno."

Nikamjibu kwamba masheikh wetu wametufundisha kuwa kulihukumu jambo hufuata kulifahamu, nami Tivoli sijaiona, na huyo Lucia sijamsikia. Nikaomba nipelekwe kwanza. Mtoto alipolisikia hilo alikwenda kutafuta viatu vyake.

Tuliondoka nyumbani siku ya Jumamosi baada ya kusali Alasiri, na hapa yapasa nieleze jambo la saa, kwani mgeni kutoka kwetu humbabaisha. Katika siku hizo za Disemba jua la Copenhagen huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi, likatambaa chini chini upande wa kusini kama mgonjwa anayeshika ukuta, kisha likatua kabla ya saa kumi alasiri. Mchana wote ni saa 7. Alasiri kwa madhehebu yetu ya Shafi huingia kiasi cha saa saba na nusu, na Magharibi huingia saa tisa na dakika arobaini. Kwetu Unguja saa hiyo watoto ndio kwanza wanatoka kwenda kucheza mpira. Mtu akikaa huko siku kumi ataelewa, bila kufundishwa na kitabu chochote, kwa nini watu wa nchi hizo wamezipenda taa kiasi hicho katika mwezi huo.

Theluji haikuwako. Palikuwa na manyunyu mepesi na baridi ya kupenya mifupa. Mlangoni hulipwa kiingilio, na huko ndani kila mchezo una malipo yake mbali. Baba wa watoto wanne afanye hesabu kabla ya kutoka nyumbani. Tulipoingia, kiza kilikuwa kinaanza kushuka na taa zote zilikuwa zimekwisha kuwashwa. Sitazieleza zote. Miti ya misonobari imevishwa taa, miti iliyopukutisha majani imevishwa taa, kingo za mapaa, madaraja, vizingiti vya maduka, hata matawi yanayoinamia ziwa. Si taa za rangi rangi za harusi zetu; nyingi ni za rangi moja, ya manjano kama ya kandili. Nami nasema kweli, zilipendeza.

Kisha yule mtoto akanivuta mkono. "Babu, tazama msikiti!"

Mbele yetu palisimama jengo kubwa jeupe lenye kuba na matao, na kila mstari wa mapaa yake umechorwa kwa taa. Ni jengo liitwalo Nimb, lililojengwa mwaka 1909 kwa kuiga majengo ya Waislamu wa Andalusia na Maghribi. Mtu akilitazama kwa mbali usiku, haoni ajabu mtoto kulidhani msikiti. Mimi mwenyewe macho yangu yalitafuta mahali pa kuadhinia. Lakini Nimb ni hoteli na nyumba ya kulia chakula, na ndani yake huuzwa ulevi. Nilisimama pale kitambo. Umbo la kuba waliliona likawapendeza, wakalichukua. Kilichokuwa chini ya kuba hakikuchukuliwa, wala hawakukihitaji. Mpwa wangu akaniuliza ninafikiri nini, nikamwambia nafikiri habari ya Carstensen kuzaliwa Algiers.

Mbele kidogo likanijia jambo jingine ambalo sikulitarajia, nalo ni harufu ya karafuu. Msomaji aliyekulia Unguja au Pemba atanielewa. Katika baridi ile, baina ya watu wageni na lugha ngeni, ilinijia harufu ya majamvi yaliyoanikwa karafuu, harufu ya nyumba ya mama yangu. Miguu ikaifuata. Ikanifikisha kwenye kibanda ambamo palikuwa na sufuria kubwa inayotoka moshi, na watu wamepanga safu na vikombe mkononi. Mume wa mpwa wangu akanishika bega. "Hiyo ni gløgg, Maalim." Ni divai nyekundu iliyochemshwa pamoja na karafuu, mdalasini na hiliki, na ndani yake hutiwa zabibu kavu na lozi. Tukapita. Baadhi ya vibanda huuza ya namna hiyo hiyo isiyokuwa na ulevi, lakini sufuria hukaa pamoja na vijiko hukaa pamoja, nasi hatukuwa na haja ya kujitia mashakani kwa ajili ya kikombe kimoja.

Katika vyakula, wazazi wawe macho. Nyama ya nguruwe iliyookwa na kutiwa ndani ya mkate huuzwa huko kama vile kwetu huuzwa mishikaki. Peremende nyingi za kutafunika hutiwa jelatini, na jelatini mara nyingi hutokana na nguruwe; hilo halionekani kwa macho wala halinuki. Lozi zilizokaangwa kwa sukari tulizila, nazo ni tamu. Na jambo lililomchekesha sana dada yangu ni kukuta vitumbua. Naam, vitumbua! Wadenmark wana kikaango cha chuma chenye vishimo vya duara, ndicho kile kile cha vitumbua vyetu, na humo hupika maandazi ya mviringo yaitwayo æbleskiver, nao huyapenda hasa katika mwezi huu. Unga wao ni wa ngano, hawana tui la nazi, na humwagia juu sukari ya unga na kuweka jamu pembeni. Dada yangu aliuliza kwa kupitia kwa binti yake kwamba vimepikwa kwa mafuta gani, akajibiwa siagi. Akala kimoja, akafikiri, akasema, "Vimekosa hiliki." Muuzaji alitafsiriwa, akacheka.

Michezo yao ni mingi. Kuna kigari cha reli kilichojengwa kwa mbao mwaka 1914, kinachopanda na kuporomoka katika mlima wa kubuni, na hata leo kila msafara wake una mtu akaaye katikati akishika breki kwa mkono wake. Hicho kilinipendeza kukitazama, kwani mitambo mingine yote hujiendesha, lakini hapa maisha ya abiria yamo katika mkono wa mtu mmoja anayejua wapi pa kubana na wapi pa kuachia. Mtoto alipanda na baba yake. Aliposhuka alikuwa mweupe kama karatasi, akaomba kupanda tena. Kuna pembea la duara la mwaka 1943, ambalo vyumba vyake vimefanywa mfano wa baluni za hewa. Kuna pia mnara wa mita 80 unaozungusha watu juu ya mapaa ya mji wakiwa wamening'inia kwa minyororo. Huo hatukuukaribia, ijapokuwa mtoto alitoa hoja nyingi.

Na liko jumba la michezo ya kimya la mwaka 1874, lililojengwa kwa namna ya Kichina, ambalo pazia lake ni mkia wa tausi. Mchezo ukianza mkia hukunjika na jukwaa likafunuka. Tena wana bendi ya watoto iliyoundwa mwaka 1844, watoto wenye kofia ndefu za manyoya wakipiga matarumbeta na ngoma kwa nidhamu. Dada yangu alipowaona alisema wangefika Lamu wangeishinda beni, na hapo tukabishana kidogo.

Ikaingia Magharibi. Tulimwuliza mfanyakazi mmoja wa bustani kama pana mahali pa utulivu pa kusalia, naye, bila kuonyesha mshangao wowote, akatuongoza nyuma ya vibanda karibu na ziwa, penye ukuta wa kuzuia upepo. Kwetu Unguja kibla ni kaskazini barabara. Copenhagen ni kusini-mashariki. Tukatandika makoti. Nilipokuwa nimesujudu nilisikia kelele za watu wa kigari zikishuka mlimani, na nilipotoa salamu nilimwona mjukuu wangu amesimama safu ya nyuma pamoja na mama yake na bibi yake, amejifunga mtandio juu ya kofia ya sufu. Hakuna aliyemwita. Kigari cha mbao kilikuwa kikipita juu yake, naye hakugeuka.

Baada ya sala tulizunguka tena, na sasa nilikuwa nikitafuta jambo mahususi. Hii ni sikukuu ambayo Wakristo huiadhimisha kwa kuzaliwa kwa Nabii Isa (a.s.). Sisi twamwamini Isa kuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, na khabari ya kuzaliwa kwake tunayo katika Suratu Maryam: mama aliye peke yake, uchungu chini ya mtende, na tende mbivu zilizomwangukia. Twatofautiana nao juu ya yeye kuwa nani. Hilo wao walijua na sisi twalijua. Basi nikatazama ni wapi katika bustani hii anatajwa. Katika saa nne nilizokaa humo, mimi sikumwona. Niliona mzee wa ndevu nyeupe na nguo nyekundu. Na zaidi yake niliona vijitu vidogo vyenye kofia nyekundu vilivyotapakaa kila mahali, juu ya mapaa, ndani ya vinu, nyuma ya madirisha, vikipika na kupiga misumari.

Nikaeleweshwa. Sikukuu yao huiita jul, na neno hilo ni la zamani kuliko Ukristo katika nchi hizo. Lilikuwa jina la sikukuu ya katikati ya baridi tangu zama za miungu yao ya kale. Na vijitu vile huitwa nisse. Wakulima wa zamani waliamini kwamba kila zizi lina nisse wake mwenye kulinda wanyama, na usiku wa jul walimwekea bakuli la uji na siagi juu yake. Wakisahau, huwafanyia vitimbi. Siku hizi ni mapambo na hadithi za watoto tu. Nilipoambiwa hayo sikucheka, wala wewe msomaji usicheke upesi. Mimi nimeyaona mabakuli chini ya mibuyu kwetu, katika mitaa yenye misikiti mitatu, na waliyoyaweka hawakusema kuwa ni hadithi ya watoto.

Ama khabari ya Lucia ni nyingine. Huyo alikuwa msichana wa Kikristo wa mji wa Siracusa katika kisiwa cha Sicilia, aliyeuawa kwa ajili ya dini yake mwanzoni mwa karne ya 4, na Wakristo wakamhesabu mtakatifu. Tarehe 13 Disemba ndiyo siku yake. Desturi ya maandamano hayo ilitoka Sweden ikaingia Denmark mwaka 1944, wakati nchi iko chini ya majeshi ya Wajerumani na watu wana haja ya mwanga. Wasichana huvaa kanzu nyeupe, wa mbele huvaa taji la mishumaa, taa za ukumbi huzimwa, na huimbwa wimbo wa kumsifu yeye. Wadenmark wengi watakwambia kuwa leo ni pambo la majira tu, na wao wanajua nyoyo zao. Lakini aliyetajwa katika wimbo ni mtakatifu, na maandamano ni yake.

Usiku ule tulikaa. Mimi si mufti, na niliwaambia hivyo. Ni mtu aliyefundisha watoto kwa miaka mingi, na niliyoyasema niliyasema kwa cheo hicho. Nikasema kwamba Tivoli ni bustani ya michezo. Kigari ni kigari na pembea ni pembea. Mtoto na aende na darasa lake, mama yake afuatane nao, achukue chakula chake kutoka nyumbani, na sala ya Adhuhuri isimpite. Ama maandamano ya Lucia, asiandamane wala asiimbe. Hapo si mchezo tena; pana mtu anayetukuzwa kwa dini, nasi tuna dini yetu. Awatazame wenzake kwa adabu, asiwacheke, asiwaambie maneno mabaya.

Baba hakuridhika. "Maalim, mlango ukiufungua nusu, upepo hausubiri."

Nikamwambia, mwanangu, mlango huu hukuufungua wewe wala mimi. Mtoto amezaliwa ndani ya nyumba hii yenye taa. Kila siku akienda skuli basi lake lapita mbele ya lango la Tivoli. Ukimkataza kigari na Lucia kwa neno moja lile lile, siku atakapogundua kuwa kigari hakina kosa, atadhani na hilo jingine halina kosa. Akanyamaza. Sikujua kama amekubali au amenistahi tu.

Mama naye hakuridhika. "Mjomba, watamwona wa peke yake."

"Ndiye wa peke yake," nikasema, "na afadhali ajue sababu."

Tukadhani mtoto amelala. Kumbe alikuwa nyuma ya mlango. Akatokeza, akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya chuoni sijaulizwa: "Babu, kwani mshumaa una dini?"

Nikamwambia mshumaa hauna dini. Mwenye dini ni yule aushikaye, na wimbo auimbao una maana yake, kama vile yeye asomapo Qur'ani si sauti tu anayotoa. Akasema, "Lakini kanzu ni nzuri." Sikuwa na la kujibu, kwa sababu kanzu zilikuwa nzuri kweli. Hakusema nami tena hadi asubuhi ya pili.

Neno lile la kanzu ndilo lililonikaa moyoni kuliko mengine, na ndilo ninalotaka kuwaeleza wazazi. Mtoto huyu hakuvutwa na itikadi ya mtu yeyote. Hata jina la Isa hakulisikia humo. Kilichomvuta ni mwanga ndani ya kiza, kitu kitamu, nguo nzuri, na kuwa pamoja na wenziwe. Vitu hivyo vinne si vya dini ya Kikristo; sisi tulilelewa navyo. Nani kati yetu aliyekulia Unguja asiyekumbuka Sikukuu za Mnazi Mmoja? Nguo mpya na viatu vipya vinavyobana, vishilingi vya wajomba, pembea, vibanda vya askrimu, na siku nne nzima ambazo hakuna anayekugombeza. Na imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe, naye akamwachia Bibi Aisha (r.a.) asimame nyuma yake atazame hadi achoke mwenyewe. Kadhalika imepokewa kuwa alipofika Madina akawakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia zilizo bora kuliko hizo, nazo ni Idi mbili. Hakuwaondolea siku za furaha akawaacha mikono mitupu.

Nikawauliza wale vijana: Idi iliyopita mlifanya nini? Wakatazamana. Baba alikuwa kazini, kwani hakuomba ruhusa mapema. Mama alipika pilau. Mtoto alikwenda skuli kama kawaida, na mwalimu wake hakujua kuwa ni siku kuu. Na mji huo una misikiti. Mmoja mkubwa wenye kuba na mnara ulifunguliwa mwaka 2014 katika mtaa wa Rovsingsgade, na sala ya Idi husaliwa humo kwa wingi wa watu. Hawakwenda. Ni mbali, wakasema, na kulikuwa na mvua. Lakini kwenda Tivoli katika mvua tulikwenda.

Hilo sikulisema kwa ukali. Nililisema mara moja, dada yangu akalirudia mara tatu.

Mpwa wangu alimwandikia mwalimu wa skuli barua fupi ya heshima, naye akajibu siku ile ile kwamba hapana neno. Siku ya Lucia watoto wengine wawili nao hawakuandamana, mmoja kwa sababu ya mafua, na mwingine kwa kuwa hapendi kuimba. Wakakaa watatu mstari wa mbele. Tivoli alikwenda, na kigari cha mbao alikipanda mara nne.

Sisi tulirudi Unguja mwanzoni mwa Januari. Dada yangu alibeba katika sanduku lake kikaango kimoja cha æbleskiver, kizito kama jiwe la kusagia, ingawa nilimwambia kuwa vikaango vya vitumbua tunavyo kwetu. Naye binti yake alinunua cha pili.

Idi ya Ramadhani ya mwaka 2025 iliwaangukia huko siku ya Jumapili, tarehe 30 Machi, na mume wa mpwa wangu alikuwa amekwisha omba ruhusa. Walisali Rovsingsgade. Alasiri watoto sita wa darasa la binti yao walialikwa nyumbani, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa taa ndogo, zile za rangi rangi za harusi, ambazo mimi siku zote huziona zimezidi. Binti alivaa kanzu nyeupe iliyodariziwa, aliyoshonewa na bibi yake Unguja na kupelekewa na msafiri. Vikapikwa vitumbua kwa tui la nazi na hiliki. Watoto wa Kidenmark wakavila, wakaviona ni vyao, na mmoja akauliza jamu iko wapi.